Bonyeza Mwenyewe

Faili lilikuwa tayari kwenye kompyuta ya fundi wa pampu. Likitumwa tu, pampu zote za mtaa wa bondeni zingejizima zenyewe, kisa wakazi wameandamana kudai maji safi.

"Tuma, mama," meneja alimhimiza. "Wako mbali huko, nani atakuona?"

Fundi akainuka, akamsogezea kiti. "Karibu, bosi. Kitufe ndicho hicho. Bonyeza mwenyewe."

Meneja akakikodolea macho, mkono mfukoni. "Hiyo si kazi yangu."

"Ahaa! Nyoka umemwona wewe, mkono wa kumshikia uwe wangu?"

Fundi akainama, akalifuta faili mbele ya macho ya meneja.

"Haya, nifukuze. Ila hiyo barua ya kufukuzwa, uisaini kwa mkono wako."