Tepu Kumi na Moja

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, fundi alitandaza tepu ya kupimia nguo kutoka mlango wake hadi mlango wa mdogo wake. Jumatatu zilikuwa tepu kumi na moja. Jumatano, kumi na nusu.

Milango hiyo ilianza kukizunguka kiti cha mama siku waliyotoka kumzika. Kiti kilibaki palepale katikati ya ua. Wapangaji walishazoea, mwenye nguo za kuanika alitazama kwanza milango imefika wapi.

"Ndivyo zilivyo Dunia na Mirihi," alisema mwalimu mstaafu wa chumba cha pembeni. "Wewe uko karibu na kiti, una mbio. Mwenzako yuko nje, anajikokota. Ukimkuta, mnakaribiana. Ukimpita, mnaachana mpaka kiti kikae kati yenu."

"Halafu tunakutana lini?"

"Miezi ishirini na sita. Mwenye tepu ni wewe, unaniuliza mimi?"

Fundi alikuwa na neno. Mama aliugua siku tatu, akimwita binti yake mdogo, muuguzi, aliyekuwa kazini mji mwingine. Fundi alikuwa na sare arobaini za shule za kumaliza. Akasema, nitampigia kesho. Kesho ikawa msiba, na muuguzi alipofika akaambiwa mama ameondoka ghafla.

"Nitamwambia tukikaribiana," fundi alijiapiza. "Hili si la kupigiana kelele uani."

Mara ya kwanza walipokaribiana, fundi alikuwa na mafua. Hii ilikuwa ya pili.

Wiki zikapita, na Ijumaa moja tepu moja ilitosha na kubaki. Muuguzi alisimama kizingitini, pindo la sare yake ya kazini limefumuka.

"Dada, nishikizie hapa kabla hatujaachana."

Fundi akapiga magoti, akatia pini nne mdomoni.

"Afadhali mama hakuteseka," alisema muuguzi, akitazama kiti. "Mimi ningekuwepo, ningefanya nini?"

Fundi alizichomoa pini mdomoni moja moja, bila haraka, akilishikiza pindo na kulipiga uzi. Alipotoa ya mwisho, kizingiti cha mdogo wake kilikuwa kimesogea nyuma hatua moja.

"Ulitaka kusema kitu, dada?"

"Uzi mweupe umeniishia. Nimetia wa kijivu."

"Hautaonekana," alisema muuguzi, akaenda kazini.

Kesho yake fundi alipima. Tepu moja na robo. Akaikunja, akaivaa shingoni, akafunua cherehani.