Nafasi ya Cucu

"Usimpandishe nguzo kichwani, Mama Mukami! Sogea kidogo!"

Nelius alisogea. Nguzo ya veranda iliyokuwa imeota kwenye utosi wa mteja ikahamia pembeni, na Fundi Ndambiri, mwenye studio pale Karurumo, akacheka hadi akakohoa. Mafunzo yake yalikuwa hayo. Usimkate mtu kwenye kiungo, atatoka kiwete. Usimpigilie katikati kama msumari. Igawanye picha mara tatu, mtu akae kwenye mstari wa kando. Na kule macho yake yanakotazama, acha nafasi.

"Usipoiacha atagonga paji la uso kwenye ukingo," alisema. "Jumamosi kuna harusi Runyenjes. Niletee picha moja iliyokaa sawa, utaenda na kamera. Ukishindwa, ufagio unakungoja."

Na ufagio ulikuwa umemchosha Nelius. Jioni hiyo alikwenda na kamera nyumbani, akamkalisha binti yake kwenye benchi nje ya jikoni. Benchi lenyewe lilikuwa la ubao mwembamba. Ukikaa unabonyea, ukiondoka unaruka juu. Mtoto aliitwa Mukami, jina la mamake Gitari, mumewe Nelius; bibi huyo mvuta ugoro alizikwa kabla mtoto hajazaliwa. Ndiyo maana Gitari alimwita bintiye "mama", na majirani wakipita walimsalimu kama nyanya: "Cucu, umeshindaje?" Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo majina yanavyorudi huku.

"Kaa mwisho kabisa, mikono mapajani. Sasa tazama huku kando, uache nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Jua lilikuwa linaondoka, na uji ulikuwa unafurika jikoni. Nelius akajibu tu ili mtoto atulie.

"Ya cucu."

Mukami akageuza uso, akatabasamu kama mtu aliyesalimiwa. Kamera ikalia.

Mama mwenzangu, nafasi tupu iache tupu. Usiitajie mwenyewe.

Kesho yake, katika chumba cha giza, picha iliamka polepole ndani ya dawa. Fundi Ndambiri aliinama chini ya taa nyekundu.

"Ona picha inavyopumua! Leo sikutukani. Hii naiweka dirishani, na harusi ni yako."

Nelius aliinama pia. Kamera ilipolia, mikono ya mtoto ilikuwa mapajani. Lakini kwenye picha mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa juu ya benchi, vidole vimekunjwa, kama vya mtoto aliyeshika kidole cha mtu mzima. Na ubao ulikuwa umebonyea pande zote mbili.

"Fundi, hapa kuna nani?"

"Hapo? Hapo kuna nafasi. Si ndiyo nimekufundisha?"

"Na ubao?"

"Ubao ni ubao, mama. Mtoto hakutulia, basi."

Picha ilipokauka, Nelius aliuchukua wembe wa kukatia karatasi. Aliupitisha karibu na bega la mtoto, chini hadi juu, ile nafasi yote ikadondoka sakafuni pamoja na kile kiganja kidogo.

"Umeiua!" Ndambiri akapiga kelele. "Umemkata mtoto kwenye kiungo! Tena sasa anatazama ukuta!"

"Acha atazame ukuta."

"Na harusi je?"

"Peleka mtu mwingine, fundi."

Akaufagia ule ukanda wa karatasi na takataka nyingine, akautia moto nyuma ya studio, akangoja mpaka ukawa majivu. Ndipo akaenda nyumbani, karibu akikimbia, mashina ya kahawa yakimshikashika kanga.

Mukami alikuwa nje ya jikoni. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mwisho kabisa, mguu mmoja chini ili asianguke. Kando yake kulikuwa na kikombe cha uji ambacho hakuwa amekigusa.

"Mbona umekaa hivyo? Utaanguka. Jisogeze."

"Siwezi, mama," mtoto alinong'ona. "Cucu ameungua. Amesema leo anataka nafasi kubwa."

Nelius alimnyakua, akamkumbatia hadi mtoto akalalamika. Kiganja cha Mukami kilikuwa na harufu ya ugoro, na pale nyumbani hakuna aliyevuta ugoro.

Nyuma yao benchi lilibaki peke yake kwenye jua, na ubao wake haukuruka juu.