Mwaka Ambao Vipan Haikushuka Majini

Majken ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Asitafutwe mwingine wa kubebeshwa lawama. Klabu nzima ya maboti ya Tallviken ilimwona, kwenye mkutano wa mwaka, kahawa ikiwa mezani na kila mtu na kipande chake cha mkate wa mdalasini. Amri ilikuwa imetoka juu. Ile rangi ya zamani yenye madini ya bati, waliyokuwa wakipaka tumboni mwa maboti ili viumbe na majani ya bahari visigande, ilikuwa bado inavuja sumu majini, ingawa ilipigwa marufuku zamani. Basi kila boti ipimwe, na itakayokutwa na bati haishuki majini mpaka ikwanguliwe ibaki mbao tupu; isiyowezekana kukwanguliwa ivunjwe na kusagwa. Wanaokubali wanyooshe mikono.

"Wanasema konokono majike wanaota viungo vya kiume kwa hiyo sumu," Sixten alimnong'oneza. Sixten ndiye aliyekuwa akiendesha kreni ya klabu, rafiki wa mumewe tangu ujana. "Nikinywa maji hayo labda na mimi yatanifaa."

"Kunywa basi, tuone," Majken akamjibu, mkono uko juu vilevile.

Hakuwa na wasiwasi wowote. Ghuba ya Tallviken alijifunza kuogelea humo akiwa mtoto, na hakutaka iwe na sumu. Na Vipan, boti yao ya mbao, ilikuwa safi. Mumewe Rune alinunua rangi halali dukani kila masika, Majken mwenyewe akiwa amesimama kando yake.

Rune alikuwa sasa anaishi kwenye nyumba ya wazee. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla kidogo kidogo, ukaanza na funguo, ukaja kwenye majina ya wajukuu, ukamaliza na mke. Majken alipokwenda kumwona, Rune alimwita bibie, akamvutia kiti, akamshukuru kwa moyo wake mwema wa kuwatembelea watu asiowajua. Hebu fikiria, umekaa na mtu maisha mazima, halafu anakushukuru kwa adabu kama mgeni. Afadhali angemtukana.

Lakini kulikuwa na Vipan. Kiangazi kilichopita alimpeleka mle, akamkalisha, akawasha injini. Boti ilipoanza kuyumba, Rune aligeuka akamkazia macho. "Majken, mbona umezubaa? Fungua kamba ya nyuma." Alikemewa, jamani, na akalia kwa furaha. Kiangazi kile chote, baharini alikuwa na mume, na nchi kavu hakuwa naye. Baridi ilipokuja, boti ikapandishwa na kufunikwa turubai, Majken akasubiri masika kama mgonjwa anavyosubiri kuche.

Masika yakaja, na mpimaji akaja na kifaa chake. Akakibandika tumboni mwa Vipan, akakisoma, akakibandika mahali pengine. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwishasema hivyo mara nyingi, kwamba kuna bati, tena jingi.

"Kifaa chako kibovu," Majken alisema.

"Si kibovu," Sixten akasema nyuma yake. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Kabla ya marufuku kuanza tulinunua makopo, Majken. Sisi sote. Tukayaficha stoo, nyuma ya viazi."

"Na Rune?"

"Rune ndiye aliyekuwa na mengi kutushinda."

"Aliniambia ameyapeleka jalalani, kwenye taka za sumu."

"Alikuwa anapaka ile ya zamani kwanza, wewe ukiwa kazini. Ukija Jumamosi, mnapaka wote ya dukani juu yake. Alisema ukijua utamlaza nje."

"Na ningemlaza kweli."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Hasira ilimpanda, lakini angemgombeza nani? Mwenye kosa alikuwa hajui hata kama ana boti, sembuse kopo la rangi.

Akavaa barakoa na glavu, akatandika plastiki chini, akaanza kukwangua. Alikwangua mpaka mabega yakakataa kuinuka. Ilikuwa kazi bure. Chini ya rangi mbao zilikuwa zimechakaa, laini kama mkate uliolowa, chuma cha kukwangulia kinazama chenyewe. Sixten akaja, akabonyeza kwa dole gumba, akatikisa kichwa.

"Iache, dada. Hapa rangi ndiyo inayoshika mbao. Ukiimaliza rangi, umeimaliza boti." Akatazama huku na huku. "Sikiliza. Nikiwahi asubuhi, kabla watu hawajaja, naishusha. Nani atachungulia tumbo lake ikiwa majini? Mpeleke Rune, zunguka naye, kiangazi kimoja tu."

Majken alitaka. Tusidanganyane, alitaka kwa mwili wake wote, akawa anaona kabisa Rune anavyogeuka na kumkemea. Lakini boti ya jirani ilikuwa imekwisha kusagwa kwa sheria ileile, na mwenye boti hakulalamika.

"Mkono niliunyoosha mimi, Sixten," alisema. "Siwezi kuurudisha."

Sixten akaishusha mapema boti yake ya plastiki, iliyokwisha kukwanguliwa, akawaazima. Walijaribu. Rune alikaa mle na kofia mapajani, akauliza kama bwana mwenye chombo anajua kwamba wamo humo. Wakarudi.

Siku ya kushusha maboti bendera ilipandishwa, soseji zikachomwa, watu wakashikiana kamba, kama kila mwaka. Boti moja baada ya nyingine ikaning'inia kwenye kreni na kuingia majini. Kiwanja kilipobaki kitupu, Vipan peke yake juu ya magogo ikingoja gari la kuipeleka kusagwa, Majken alimleta Rune. Sixten akawasaidia kumpandisha ngazi, kisha akaondoka.

Ndani, chini ya turubai, kulikuwa na mwanga hafifu wa kijani, na harufu ya lami, mafuta na mbao. Majken akamimina kahawa. Rune akavuta pumzi, akapapasa ukingo wa meza, taratibu, kisha akaunyanyua uso.

"Majken," alisema.

Majken akaweka kikombe chini. "Nipo."

"Umekata nywele."

"Nimekata. Hazikupendezi?"

"Zitaota." Akatabasamu, tabasamu lake lenyewe, la upande mmoja. Akaushika mkono wake akaufunika kwa wake. "Tuko wapi?"

Angeweza kusema kweli. Lakini mkono ule ulikuwa wa joto, na alikuwa ameukosa tangu vuli.

"Tumetia nanga kisiwani Gåsholmen," alisema. "Palepale petu."

Rune akainamisha kichwa, anasikiliza. Akaweka kiganja sakafuni, akakiacha hapo muda mrefu.

"Haichezi," alisema.

"Leo hakuna upepo, mpenzi."

"Boti iliyo majini haiachi kucheza, hata bila upepo. Hii iko juu ya magogo."

Akautoa mkono wake juu ya wa Majken, polepole, bila ukali. Akamtazama usoni, akimchunguza, na Majken aliona kabisa anavyompotea tena.

"Samahani, bibie," alisema. "Nilikufananisha na mke wangu. Lakini Majken hajawahi kunidanganya, hata siku moja." Akavuta kofia yake, akakaa wima. "Akija, mwambie namngoja."

"Nitamwambia," alisema Majken.