Ritifaa ya Bati

Mimi hasira zangu ziko karibu, na dada yangu ana kichwa kigumu. Watu wa aina hiyo hawafai kufanya kazi chumba kimoja, lakini sisi tulifungua saluni. Kilikuwa chumba kirefu chembamba chenye viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimegoma kuzunguka, beseni la kuoshea vichwa, na mashine ya kukaushia nywele iliyonguruma kama inataka kupaa. Kuta tulizipaka rangi wenyewe, mimi na yeye, mpaka tukapakana na sisi. Hata hivyo, mtaa mzima ulimwita yeye Mama Saluni, na mimi nikaitwa mdogo wake. Hilo nililimeza mpaka siku ya bango.

Bango la zamani lilikuwa limebabuka. Dada akamwita fundi wa mabango, bwana mmoja mrefu mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi, akamwambia aandike jina letu kwa Kiingereza, maana dada anaamini kuwa nywele zikitengenezwa kwa Kiingereza hazikatiki. Fundi akaandika SISTER'S SALON kwa rangi nyekundu, akashuka ngazi, akaenda zake.

Wakati huo kwenye kiti changu alikuwepo mteja wetu mmoja, mwalimu wa Kiingereza, kichwa kimejaa povu. Akalitazama lile bango kupitia mlangoni, akakunja uso.

"Hii saluni ni ya nani kati yenu?" akauliza.

"Ya sote wawili, mwalimu," nikasema.

"Basi bango lenu linasema mengine."

Akanieleza huku povu likimchuruzika shingoni. Kile kialama kinachoning'inia juu, ambacho sisi tunakijua kwenye neno ng'ombe, kinaitwa ritifaa, na kwenye Kiingereza kina kazi ya kuonyesha mali ni ya nani. Kikikaa kabla ya ile S ya mwisho, saluni ni ya dada mmoja tu. Kikikaa baada yake, ni ya wawili au zaidi. Mwalimu akasema hana nia ya kutugombanisha, anaomba tu maji yawe ya vuguvugu.

Nikamgeukia dada, aliyekuwa anamchana mteja wake pale kwenye kiti cha pili.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi tumwite fundi akihamishe."

"Mdogo wangu, nani anasoma vialama? Watu wanasoma saluni."

"Kama hakuna anayekisoma, basi kikihama hakuna atakayeumia."

Akaacha kuchana. "Kiache," akasema.

Lile neno liliniuma. Angesema tutaangalia, au kesho, ningetulia. Lakini kiache! Kesho yake dada alipokwenda dukani, nikamwita fundi. Akafuta, akaandika upya, kialama kikakaa baada ya S. Dada akarudi, akatazama juu, akamwita fundi huyohuyo akirudishe. Nikamwita tena. Fundi alipofika safari hiyo hakufungua hata kopo la rangi. Alikifuta kialama kabisa, akapigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ile S ya mwisho, kisha akakata kipande cha bati chenye umbo la kiluwiluwi, akakitoboa tundu, akakipaka nyekundu, akamkabidhi dada.

"Hii mali yenu," akasema. "Tundikeni mnapotaka. Mimi nina watoto wa kulea."

Watu wenye akili zao wangekitupa. Sisi tulikitundika.

Kuanzia hapo ukawa ndio utaratibu wa kazi. Asubuhi dada anafungua mlango, anapanda kigoda, anakitundika msumari wa kushoto. Saluni ya dada mmoja. Mimi nafika, nasalimia kwa adabu zangu zote, napanda kigoda kilekile, nakihamishia kulia. Saluni ya wote. Yeye akitoka kumwaga maji, anakirudisha. Mimi nikitoka kuanika taulo, nakihamisha. Hatukusemezana lolote juu yake. Tuliambiana tu, nipe chanuo, nipe vibanio, huyo mteja maji yamemwingia sikioni.

Wateja nao hawakuwa nyuma. Kabla ya kuingia walitazama juu wapate kujua nani kanuna. Kikiwa kulia, walijua mimi nina furaha, wakakimbilia kiti changu, maana nikifurahi mkono wangu ni mwepesi. Kikiwa kushoto, walijua nitawavuta nywele mpaka macho yabadilike umbo. Mama mmoja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa aliniomba ruhusa ya kwenda nje mara moja. Kumbe alikwenda kukihamisha mwenyewe, apone.

Nilicheka kama wengine. Ila ndani nilikuwa nasubiri siku moja tu, dada atoke, akitazame kipo kulia, akiache. Sikutaka kingine chochote kwake.

Siku hiyo haikuja. Walikuja maharusi badala yake. Bibi harusi mtarajiwa na wenzake waliingia wakijaza chumba manukato, wakauliza mwenye saluni ni nani, wana kazi kubwa wanataka kuizungumza. Mimi nikafuta mikono, nikasogea.

"Ni mimi," dada akasema. "Huyu ananisaidia."

Nikavua aproni, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya kile kiti kilichogoma kuzunguka. Nikatoka bila kutazama juu.

Nilipata kazi kwenye saluni ya mtaa wa pili. Viti vyote vilizunguka, maji ya moto yalitoka bombani, na mwenye saluni alinieleza kwa upole saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kwamba wateja wake hawapendi kelele. Hakuna aliyegombana na mimi pale. Hakukuwa na cha kugombania, hakuna hata kitana kilichokuwa changu. Nilisuka vizuri, nikanuna vizuri, nikarudi nyumbani.

Mwalimu akanifuata hukohuko. Alipoketi tu akaniambia, "Kipo kulia."

"Nini?"

"Unajua nini. Tangu juzi kipo kulia, na wewe hupo."

Nikasema ni ujanja wa kuvuta wateja. Mwalimu akasema huenda, akafumba macho apate kuoshwa. Nikafungua bomba bila kutazama, nikammwagia maji ya baridi, akapiga kelele zisizopendwa na wateja wa pale.

Jumapili mchana dada akabisha hodi kwangu. Alikuwa amejifunga kilemba, na mimi namjua, dada hafungi kilemba ila nywele zikiwa hazitazamiki. Nikamkaribisha. Akaketi ukingoni mwa kiti, kama mgeni.

"Wateja wananisumbua," akaanza. "Bango linasema wawili, ndani wananikuta peke yangu. Wananiuliza nimekuzika wapi."

"Si ukirudishe kushoto?"

"Nilikirudisha." Akatazama mikono yake. "Nikakaa ndani nusu siku. Nikatoka, nikakihamisha tena mwenyewe."

"Kwa nini uliwaambia nakusaidia?" nikauliza.

Jirani alikuwa anatwanga kitu, tukawa tunausikiliza mchi.

"Niliogopa," akasema. "Mwenye mali anaweza kuchukua nusu yake akaondoka. Mdogo wangu nilijua atabaki tu. Nikaona bora uwe mdogo wangu."

"Na nimeondoka vilevile."

"Umeondoka vilevile," akasema, na hapo machozi yakamtoka, dada yangu ambaye hata tulipomzika mama alikuwa akihesabu sahani za wageni. Na mimi nikalia, kwa hasira kwanza, kisha kwa kumpenda, na sijui ni wapi moja iliishia ikaanza nyingine. Nikamfungua kile kilemba. Hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Nikachukua chanuo, nikamkalisha chini kati ya magoti yangu, nikaanza kumfumua.

Tulikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Sikumwambia narudi, naye hakuniuliza. Nilipomaliza upande mmoja akajipapasa, kisha akasema bila kugeuka:

"Kesho tufungue saa ngapi?"

Mkono wangu ukasimama. Tangu utoto wetu dada huniambia. Saa ya kuamka, saa ya kula, nguo ya kuvaa, mtu wa kuogopa. Hajawahi kuniuliza kitu.

"Saa tatu," nikasema, kumjaribu. Yeye ni mtu ambaye saa moja asubuhi ameshafagia mpaka barabara.

Nikaona shingo yake ikikakamaa. Alivuta pumzi, akaishika, akaiachia.

"Haya," akasema. "Saa tatu."