Kiti cha Babu Hakigeuzwi

...na upole wote huo wa nini, mwenye nia njema haongei kama anambembeleza mtoto anywe dawa, "naomba unyanyuke kidogo, kaka, nikitazame kwa chini," kaka wa wapi, Msumari hakumbuki kuchangia ziwa na mama huyu wa makumbusho, mwenye viatu visivyolia na glavu nyeupe, glavu za nini kama hafichi alama za vidole, basi hanyanyuki ng'o, kiti ni cha babu, sebule ni ya babu, na matako ya Msumari leo ndiyo kufuli, "Mpishe mgeni, wewe," shangazi anasema kutoka mlangoni, "Nimechoka, shangazi," "Umechoka na nini, hata uso hujanawa," haya, na acheke, lakini leo mbona hamtazami Msumari usoni, shangazi ambaye redio ikizimwa yeye anaendelea, kamkaribisha mgeni, kampa maji, kisha kimya, hawa wana lao jambo... fundi samani mkali kuliko wote mtaani huchoka akili, shangazi, shule aliiacha mapema kwa kuwa walimu walikuwa wanamchelewesha, na ni yeye huyo mkali aliyekipiga picha kiti akairusha mtandaoni, kazi ya mikono ya babu yangu, mnaotaka samani za ukweli njooni, wateja hawakuja, kaja huyu, eti kiti kilibebwa wakati wa vita kutoka nyumba ya watu waliokimbia, eti wajukuu zao wanakitafuta mpaka leo, na akatoa picha iliyofifia, mzee kaketi, juu ya bega lake sura ya mtu imechongwa kwenye mgongo wa kiti, Msumari akacheka mpaka akakohoa, mama, umepotea nyumba, hiki mgongo mtupu, pitisha mkono, laini... laini, ndiyo, babu alisema mchwa waliila sura akaiondoa, lakini ngoja, mchwa gani wanakula mti ambao msumari ukiugonga unapinda, na mchwa hawali kwa kunyoosha hivi, hii ni randa, tena randa butu, Msumari angemfukuza kazi aliyeparuza hivi, miaka yote kaupaka vanishi mgongo huu na hakutaka kuuona, na babu huyo mchongaji, nani alishawahi kumwona na patasi, kitasa kikilegea anaita, Msumari, njoo... "Wanasema kilipasuka chini," mama wa makumbusho anasema taratibu, "babu yao akakishona kwa waya wa shaba, umepishanapishana kama kamba za viatu," na kabla hajamaliza vidole vya Msumari viko chini ya kiti, vimeshaufikia, vinaujua, utotoni akigombezwa alikuwa anajificha chini hapa akiukwaruza kwa kucha mpaka hasira ziishe, waya upo, lakini huyu hajauona, mwambie arudi kesho, koleo liko karakana, waya ung'olewe, matundu yazibwe kwa vumbi la mbao na gundi, vanishi juu, hata malaika hatajua, yeye ni fundi, si kama yule wa randa butu... yule... mkono unaganda chini ya kiti, hivi ndivyo alivyowaza na babu, siku ile, ameishikilia randa, bado kijana, "Kaka, upo sawa?" na kutoka chumbani ambako babu amelala mgonjwa, ambako hakuna aliyekwenda kumwambia lolote, sauti inakuja, nyembamba, "Wamefika?" hakuuliza nani, hakuuliza wanataka nini, wamefika, basi, kama mtu aliyekesha akisikiliza mlango miaka yote ambayo wao walikuwa wanacheka kwenye sebule hii, shangazi anatazama sakafu, mgeni bado kainama anangoja, na Msumari bado amekaa, hajanyanyuka, ila amesogea mpaka ukingoni, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mtu anavyokaa kwenye nyumba ya watu...