Ng'ombe wa Wiki ya Kodi

Kefa alipomfungua Madoa zizini, Dorika aliinuka. Alijifunga shuka, akajitwika chungu chake cha samli, akamfuata mumewe nyuma. Hasira aliyokuwa nayo ilitosha kumfikisha mnadani Mungaa bila kuhisi jua.

Madoa ndiye aliyekuwa ng'ombe wao wa mwisho wa maziwa. Watoto walimtegemea, na samli ya Dorika ilitoka kwake. Kila mwaka yalikuwa yale yale. Masika ng'ombe wamenona, wachuuzi wanapita nyumba kwa nyumba wakitoa hata shilingi thelathini, na Kefa anasema kodi ingali mbali. Kiangazi karani wa Mwingereza akishaweka meza ya kodi, wanaume wote wanaswaga ng'ombe wao wiki moja, na wachuuzi wanajiokotea kama watu waokotao kuni.

"Kijivu naye ulimuuza hivi hivi mwaka jana," Dorika alisema njiani. "Nilikuambia uza mbuzi masika, fedha uiweke."

"Fedha haikai ndani, Mama Yustina. Ng'ombe ndiye anayekaa."

"Anakaa wapi? Mbona zizi tupu?"

Kefa akamchapa Madoa fimbo, utadhani ndiye aliyeuliza.

Mnadani, mchuuzi Idrissa alimkagua Madoa meno. "Kumi na mbili."

"Masika ulitaja thelathini," Dorika alisema.

"Masika hamkuwa na shida, mama."

Wenzake wakacheka. Mnadi akauliza kama yupo wa kuongeza.

"Kumi na tatu," Dorika alisema.

Kefa aligeuka. "Unafanya nini wewe?"

"Nanunua ng'ombe."

"Hapa hatunadi kuku," Idrissa alisema. "Au utalipa kwa samli?"

Dorika akatua chungu, akafunua, akaanza kutoa kamba moja baada ya nyingine. Zilikuwa sarafu za senti kumi zenye tundu, kumi katika kila kamba, shilingi kamili. Miaka yote ambayo Kefa aliuza ng'ombe na kunywa chenji, yeye alikuwa akiuza samli na kutunga senti.

Idrissa akatema mate. "Mwachieni. Ng'ombe wamejaa leo, nitapata wa kumi na moja."

Dorika alizisukuma kamba mbele ya Kefa kwa ghadhabu. Ng'ombe wamejaa leo! Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwafilisi kila mwaka, na mchuuzi aliyatamka kama salamu.

Kefa alipokea kamba kumi na tatu. Karani akachukua nane za kodi. Zikabaki tano, na miguu ya Kefa ikaelekea yenyewe kilabuni kwenye pombe, kama mwaka jana na mwaka juzi.

"Baba Yustina." Dorika alimshika Madoa kwa mkono mmoja, chungu kwa mwingine. "Jioni utakunywa maziwa ya ng'ombe wa nani?"

Watu waliokuwa karibu wakasogea wasikie.

"Umenitia aibu," Kefa alisema kwa sauti ya chini.

"Aibu ni kuuza wa thelathini kwa kumi na mbili, kisha ukajiita mwenye mali. Hizo ni mwanzo wa kodi ya mwakani. Tia."

Kamba zikaanguka chunguni moja moja, zikilia. Ya tano Kefa aliishikilia, akiitazama njia ya kilabuni.

Dorika hakuondoa chungu.