Menyu Inayomsubiri Mama

Jamani, siku ile duka la darizi lilizizima! Mashine ya kudarizi, ile yenye sindano nyingi kama mdomo wa papa, ilikuwa kimya, kwa sababu kompyuta inayoiendesha iliwashwa, ikaonyesha nembo ya kiwanda, kisha kioo kikawa cheusi tii. Adhuhuri mwalimu mkuu angekuja kuchukua sare za shule, na nembo zilikuwa hazijashonwa hata nusu.

Lakini si sare zilizomtia Mama hofu. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na miundo yake yote, maua na ndege alivyovichora kwa mkono wake tangu alipofungua duka.

"Si una nakala, Mama?" aliuliza binti yake, anayeitwa Msomi tangu aingie chuo.

"Ninayo, tena nzima!"

"Iko wapi?"

"Humo humo ndani."

Msomi akajishika kichwa. "Mama yangu mzazi! Hiyo ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba!"

Kabla Mama hajajibu, akaingia fundi wa kompyuta wa ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima humwita Fundi Futa, maana dawa yake ni moja kwa kila ugonjwa.

"Hii imekufa, Mama," alisema, flashi ikining'inia shingoni. "Tunafuta yote, tunaweka mpya. Kufumba na kufumbua."

"Na maua yangu?"

"Utachora mengine."

Mama akakaa kwenye kiti pu! Hapo ndipo damu ilipomchemka Msomi.

"Fundi, shikamoo, na flashi yako ibaki shingoni. Haijafa. Imekwama njiani tu."

"Haya, daktari," alisema Fundi Futa, akaegemea mlango kutazama sinema.

Msomi aliizima, akaiwasha, akatumbua macho. Nembo, kisha giza. Ile menyu nyeupe ya kila asubuhi, ya kuchagua kompyuta iwake vipi, haikutokea. Kuna mtu kaificha! Polepole akamgeukia kaka yake, Chapuchapu, ambaye hangoji hata chai ichemke, huinywa ikiwa maji.

"Kaka. Umegusa faili la Grub?"

"Grub gani?"

"Ile inayoamsha Linux, mfumo wa kompyuta hii. Usinifanye mtoto."

Chapuchapu akajikuna kisogo. "Ah, niliweka tu sifuri pale pa muda wa kusubiri, isitupotezee wakati. Lakini haikufanya kazi! Menyu iliendelea kutokea, nikaachana nayo. Kitambo hicho."

"Na baada ya kuandika, ulitoa amri ya kuijenga menyu upya?"

"Kuijenga? Kwani ilibomoka?"

Msomi akacheka mpaka Mama akamkodolea macho. "Sikilizeni. Ukiandika mle na usitoe ile amri, ni kama kuacha agizo mezani bila kusomwa. Jana kompyuta ilijisasisha. Ilijiletea kiini kipya, yaani moyo wa mfumo, na ikaijenga menyu yenyewe. Ndipo ikalisoma agizo la huyu bwana haraka! Sasa kiini kipya kinakwama, cha zamani kizima kipo, ila mlango wa kukifikia kaka kaufunga."

"Basi ufungue," Mama alisema kwa sauti ndogo.

Msomi akaiwasha tena, kidole juu ya kitufe cha Esc. Akakosa. Giza.

"Daktari!" Fundi Futa akapiga makofi.

"Subiri uone." Safari hii hakungoja nembo ikolee. Akakidonoa kitufe kama kuku anavyodonoa mtama, na menyu hiyo, nyeupe, ikajitokeza! Akashuka kwa kishale hadi kwenye chaguo za ziada, akakiona kiini cha zamani, akabonyeza. Mistari ikamiminika kama mvua. Kisha kioo kikawaka, na katikati yake ua la kwanza la Mama, jekundu, na petali moja kubwa kuliko zote.

Mama akainuka kitini. Aligusa kioo kwa ncha ya kidole.

"Kwanza hii," Msomi alisema, akimnyooshea Fundi Futa kiganja. "Tuazime flashi. Nakala itoke humo ndani leo leo."

Fundi Futa akaivua mwenyewe shingoni. "Chukua, mwanangu," alisema, na Mama akairudisha mashine kwenye nembo za sare, sindano zikaanza kulia.

Miundo ilipokwisha kunakiliwa, Msomi akafungua faili la Grub. "Sasa muda wa kusubiri. Kaka, sekunde tano zinakutosha?"

"Mbili!"

"Niulize mimi, mwenye duka," Mama akadakia. "Inaweza kusubiri mpaka mimi nifike?"

"Mama, inaweza kusubiri milele! Naandika hasi moja. Haitasogea mpaka mtu aichagulie."

"Andika. Na kabla sijaja, asiiguse mtu. Unasikia, wewe?"

Msomi akaandika, kisha, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akatoa ile amri ya kuijenga menyu upya.

Tangu hapo, kila asubuhi Chapuchapu husimama mbele ya kioo, mikono nyuma, akitazama menyu isiyosogea. Mama huingia taratibu, hutundika mkoba, huvaa miwani, huifuta, huivaa tena.

"Mama, tafadhali!"

"Nasoma, mwanangu," Mama humjibu. "Nasoma."